Uzi Mnene Hauna Haraka

Mtu aliyetumia miaka kumi ya ujana wake kuufunza mkono wa kushoto kutambaa juu ya shingo ya gitaa pasipo msaada wa macho, akafika daraja ya kuweza kuzungumza na mgeni huku vidole vyake vikiendelea na kazi kama kwamba vina akili iliyo mbali na akili yake, hana budi siku moja kumhusudu mpiga kinanda. Hamhusudu kwa ustadi, maana yamkini amemshinda kwa ustadi. Humhusudu kwa milki. Mpiga kinanda hugusa kitufe akawa na fidla ishirini, akagusa cha pili akawa na zumari, na cha tatu kikamletea sauti ambayo haijapata kutoka katika mti, ngozi wala shaba iliyofuliwa na mwanadamu. Ilhali mwenye nyuzi sita amebaki na sauti ya nyuzi sita. Sura hii nimeiandika kwa ajili ya mtu huyo, ambaye amekwisha kukata shauri kwamba hataanza kujifunza kinanda ukubwani, na anataka kujua ni gitaa la namna gani litakaloweza kuziamrisha sinthesaiza kwa vidole vile vile alivyo navyo.

Muuzaji atamtajia mambo mengi: idadi ya sauti, rangi ya mbao, uzito, waya au pasi na waya. Yote hayo yana mahali pake, lakini yanakuja baada ya swali moja ambalo wauzaji aghalabu hawalitaji, pengine kwa kuwa hata wao hawakuulizwa: chombo hiki hujuaje kwamba nimepiga noti gani?

Ili tuone uzito wa swali hilo, yafaa tufahamu mashine hizi husemeshana kwa lugha gani. Tangu 1983, watengenezaji wa Marekani na Japani walipoafikiana, sinthesaiza hupokea amri zake kwa lugha iitwayo midi, ambayo haichukui sauti hata chembe, bali huchukua habari za sauti: noti namba 40 imeanza, imepigwa kwa nguvu kiasi hiki, sasa imekoma. Kinanda huisema lugha hiyo bila taabu, kwa sababu chini ya kila kitufe mna swichi, na kila swichi imepewa namba yake kiwandani. Kitufe kikishuka, habari imekamilika kabla sauti haijazaliwa. Gitaa halikujaliwa neema hiyo. Uzi wake mmoja hutoa noti ishirini na zaidi, na hakuna mahali popote katika mwili wake palipoandikwa ni ipi kati ya hizo inayolia sasa. Kwa hiyo pana haja ya mkalimani, wa kusimama baina ya uzi na mashine, asikilize kinachosemwa upande huu na akifasiri upande ule. Na taabu zote za vyombo hivi, pamoja na fedha zote zilizopotea kwa ajili yake, ni taabu za mkalimani huyo.

Uzi mnene wa gitaa, ule wa E ya chini, hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mzunguko mmoja wa mtetemo wake huchukua kama milisekunde 12 kukamilika. Uzi mwembamba wa E ya juu hutetema mara 330 hivi, na mzunguko wake humalizika kwa milisekunde 3. Sasa, mashine hata ipewe akili ya namna gani, haiwezi kuujua urefu wa mzunguko kabla mzunguko wenyewe haujakwisha, kama vile mkalimani wa mahakamani asivyoweza kufasiri sentensi ambayo shahidi yungali katikati yake. Na kwa kuwa papo hapo baada ya pigo la risha uzi huwa katika fujo, mtetemo wake haujatulia wala haujachagua sura, mkalimani mwenye hadhari husubiri mzunguko wa pili ili ahakikishe alichokisikia katika ule wa kwanza. Hapo milisekunde 24 zimekwisha kwenda, na mashine haijatoa hata sauti moja.

Milisekunde 24 si kitu kwa mtu anayesubiri basi. Kwa mpigaji ni jambo jingine. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa huko ni sawa na kupiga gitaa huku spika yako imewekwa mita nane mbali nawe, upande wa pili wa ukumbi. Mtu huzoea, kama mpiga kinanda cha kanisa kubwa anavyozoea mabomba yaliyo mbali naye. Lakini spika iliyo mbali huchelewesha noti zote kwa kipimo kimoja, na sikio likishakijua kipimo hicho hujirekebisha. Mkalimani wa gitaa hana kipimo kimoja. Ukipiga nyuzi zote sita kwa pamoja, zile nyembamba hufika mapema na zile nene hujikokota nyuma yake, hata kile ulichokipiga kwa pigo moja kikawa kama kwaya ambayo wanawake wamekwisha kuingia na wazee wa besi wangali wanatafuta ukurasa. Kuna watu watakaokwambia kwamba kosa ni la midi, kuwa ni lugha ya zamani inayokwenda polepole. Hesabu haiwaungi mkono: waya wa midi huchukua biti 31,250 kwa sekunde, noti moja hupita kwa milisekunde moja hivi, na sita hupita kwa muda usiofika nusu ya mzunguko mmoja wa ule uzi mnene. Kosa, ikiwa ni haki kuliita kosa, ni la uzi.

Aidha mkalimani huyu ni mkweli kupita kiasi. Hufasiri hata kikohozi. Kidole kikikwaruza uzi kwa kuhama, uzi jirani ukitetema kwa huruma ya mwenziwe, kiganja kikigusa daraja ambalo hubeba nyuzi, yote hayo yaliyo vumbi tu masikioni mwa mpenzi wa gitaa huwa kwake ni maneno kamili, naye huyapeleka kwa sinthesaiza, na sinthesaiza, ambayo haijui mzaha, huyapigia tarumbeta. Ndiyo maana mpigaji mchafu, ambaye uchafu wake ulikuwa sehemu ya utamu wake, hupata aibu kubwa siku ya kwanza.

Walioanza kazi hii hawakuwa wajinga wa mambo hayo. Mwaka 1977 nyumba mbili zilitoa vyombo vya namna hii karibu sambamba. Kampuni ya ARP ya Marekani ilitoa Avatar, ambayo kwa hakika ilikuwa sinthesaiza yao ya Odyssey iliyovuliwa vitufe ikavishwa pikapu ya gitaa. Iliweza kuimba noti moja kwa wakati mmoja, ikawagharimu wenyewe fedha nyingi na haikupata wanunuzi, na ARP ilipofikia kufungwa mwaka 1981 wengi waliitaja Avatar katika sababu za msiba. Upande wa Japani, Roland walitoa GR-500. Hao hawakufa. Mwaka 1980 walileta GR-300, sanduku la buluu la kukaa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu, lililofungamana kwa waya wa pini 24 na gitaa la mti halisi, na hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu sanduku hilo lina funzo ambalo soko limelisahau mara nyingi.

GR-300 haikuwa na mkalimani. Ilitangulia midi kwa miaka mitatu, wala haikujishughulisha kuuliza noti inaitwaje. Kila uzi ulipewa chanzo chake cha sauti ya umeme, na mtetemo wa uzi wenyewe ndio uliokisukuma chanzo hicho, mzunguko kwa mzunguko. Uzi ulipopanda, sauti ilipanda nao. Uzi ulipotikiswa, ilitikisika. Hapakuwa na sentensi ya kumalizwa kwa kuwa hapakuwa na tafsiri. Kwa ajili hiyo Robert Fripp na Adrian Belew waliitumia katika King Crimson, na Pat Metheny akaifanya sauti yake ya pili: mtu anayetaka kusikia chombo hiki kilifika wapi na asikilize "Are You Going with Me?" katika albamu ya Offramp ya 1982, ambamo gitaa linapanda kama tarumbeta iliyopewa mapafu yasiyokwisha. Sinthesaiza ile ilikuwa na sauti chache mno. Metheny ameendelea nayo kwa miongo mingi, hali maghala ya dunia yamejaa vyombo vipya vyenye sauti maelfu, na sidhani kwamba ni kwa sababu ya mazoea peke yake.

Mwaka 1984 Roland walitoa GR-700 pamoja na gitaa lake la G-707, lililokuwa na mhimili wa pili uliotoka kiwiliwilini hadi kichwani kama mkono wa bawa, ili shingo isitetemeke ikamtatiza mkalimani. Chombo hicho kilisema midi. Sauti zikawa nyingi, zikawa za kuhifadhiwa na kuitwa kwa namba, na kuchelewa kukaingia mlangoni pamoja nazo. Tangu siku hiyo mpiga gitaa amekuwa akichagua baina ya wingi na wepesi, hata pale asipojua kuwa anachagua.

Waingereza walijaribu kulikata fundo hilo kwa upanga. Ikiwa kuusikiliza uzi kunachukua muda, walisema, basi tusiusikilize, tumtazame mpigaji. Katikati ya miaka ya 1980 wakatoa SynthAxe, chombo ambacho mtu akikiona kwa mara ya kwanza hudhani kimevunjika, kwa kuwa shingo yake haikunyooka na kiwiliwili bali imepinda kwa pembe kama mkono uliotiwa bendeji. Kilikuwa na nyuzi za namna mbili: ndefu za shingoni, ambazo kidole kikizigandamiza juu ya freti, yaani vile vyuma vilivyopigiliwa shingoni, umeme hupita na mashine ikajua pale pale mahali palipobanwa, na fupi za mkono wa kulia, ambazo kazi yake ni kueleza tu kwamba pigo limepigwa na lilikuwa na nguvu kiasi gani. Hakikuwa na sauti yake mwenyewe hata ya kunong'ona. Hakikungoja mzunguko wowote. Bei yake ilikaribia pauni 10,000, ambazo mwaka 1986 zingekununulia gari jipya na kukubakishia za mafuta, na vilivyotengenezwa havikufika mia. Allan Holdsworth ndiye aliyekipenda kuliko watu wote. Alikitumia kwa mara ya kwanza katika Atavachron ya 1986, na alikiongezea mrija wa kupuliza mdomoni, ili pumzi ndiyo iamue sauti ivimbe au ififie. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Bingwa wa gitaa aliyekubali kuuacha uzi alikuta kwamba amepoteza kitu ambacho uzi ulikuwa ukimpa bure, yaani uhai wa noti baada ya kupigwa, naye akaenda kukitafuta katika ada ya wapiga zumari.

Hapo ndipo palipo njia panda, na vyombo vyote vilivyofuata vimekwenda ama huku ama huku. Wasikilizaji huusikiliza uzi wa gitaa la kweli: hukuachia gitaa lako, mguso wako, kuvuta kwako uzi na kutikisa, lakini hukutoza muda. Watazamaji hukitazama kidole: hukurudishia muda wako wote, lakini hukunyang'anya uzi, wakakupa badala yake plastiki, raba au vitufe. Yamaha, katika G10 ya 1988, walipita njia ya ajabu ya katikati: walipeleka ndani ya nyuzi mlio wa juu mno usiosikika na sikio la mtu, wakapima muda wake wa kwenda na kurudi ili wajue kidole kipo freti ya ngapi, kama mvuvi wa siku hizi anavyopima kina cha bahari. Casio mwaka 1987 walitoa DG-20 yenye nyuzi za plastiki, kitu cha bei ya chini ambacho watu walikicheka wakati ule na wakusanyaji wanakitafuta sasa. Na huko San Diego, Harvey Starr amejenga Ztar zake ambazo shingoni hazina uzi kabisa. Pale ambapo freti 24 zingekutana na nyuzi sita pamewekwa vitufe 144.

Kwa mtu anayenunua leo, watazamaji wamekuwa wachache na wasikilizaji wamekuwa hodari. Msikilizaji wa kawaida ni pikapu nyembamba yenye sehemu sita, moja kwa kila uzi, inayobandikwa karibu na daraja la gitaa lolote lenye nyuzi za chuma. Roland ndio walioieneza kwa jina la GK, na waya wake wa pini 13 umekuwa kama lugha ya biashara ya watu wa kazi hii, hata Godin wa Quebec wanachonga magitaa yaliyotiwa tundu hilo kiwandani, yakiwamo ya nyuzi za nailoni ambazo pikapu ya sumaku haizisikii, kwa hiyo husikilizwa kwa vijiwe vya umeme vilivyofichwa chini yake darajani. Fishman wa Massachusetts, katika TriplePlay, wameuondoa waya wenyewe na kupeleka habari kwa redio hadi kwenye kompyuta. Jamstik wameitia akili yote ndani ya gitaa. Boss, ambao ni watu wa Roland, walileta mwaka 2023 GM-800 na pikapu ya GK-5 inayotumia waya mpya wa dijitali badala ya ule wa pini 13. Na hapa mnunuzi wa mitumba afungue macho, maana gitaa la pini 24, gitaa la pini 13 na gitaa la waya mpya ni makabila matatu yasiyooana bila ya mshenga, na mshenga huyo, kile kisanduku cha kubadilisha, pengine humgharimu mtu karibu sawa na mahari.

Kuna pia programu za kompyuta, mashuhuri yake MIDI Guitar ya Jam Origin, ambazo hazihitaji pikapu ya sehemu sita; huchukua sauti ya kawaida ya gitaa kwa waya wa kawaida na kuzichambua noti zote zilizochanganyika humo. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza sikuisadiki. Sasa naisadiki, na rai yangu ni kwamba mtu yeyote aliye na kompyuta aanzie hapo kabla ya kutoa fedha ya pikapu, maana kwa gharama ndogo atapata kujua jambo moja kubwa: kama anaipenda kazi hii au anaipenda sura yake tu. Na aliye na haja ya sauti tu, gitaa liimbe kama kinanda cha kanisa katika nyimbo mbili za harusi, hana haja ya mkalimani wa aina yoyote. Vipo vidude vya kukanyaga, kama SY-1 ya Boss au Synth9 ya Electro-Harmonix, vinavyoufinyanga mtetemo wa gitaa moja kwa moja kwa namna iliyo karibu na ile ya sanduku la buluu, na havina midi ndani yake wala majonzi ya midi.

Tuseme basi kwamba amechagua msikilizaji, kama wengi wanavyofanya. Kazi iliyobaki ni ya fundi, na ni ndogo ndogo, na ndiyo inayoamua mambo. Pikapu iwe karibu kabisa na daraja, kwa sababu huko ndiko uzi unakotetema kwa adabu. Na uzi ukibanwa kwenye freti ya mwisho, mwanya kati yake na pikapu uwe milimita moja hivi. Unene wa kadi ya benki unakaribia sana kipimo hicho. Kisha kila uzi upimiwe usikivu wake, mmoja mmoja, kwa pigo kubwa kuliko yote unayokusudia kupiga. Nimeona gitaa la fedha nyingi likitukanwa kwa kuropoka, kumbe aliyeropoka ni uzi wa tatu ambao usikivu wake uliachwa juu mno.

Tena kila uzi upewe mkondo wake mwenyewe katika midi, sita kwa jumla, ili kuvuta uzi mmoja kusizivute na nyingine. Na upana wa kuvuta huko upatanishwe pande zote mbili. Hili la mwisho lilinifika mwenyewe. Nilipata kuazimwa chombo kwa usiku mmoja, na katika wimbo wa polepole, mbele ya watu waliokuwa wametulia, nikauvuta uzi kwa toni moja kamili kama nilivyouvuta maelfu ya mara maishani. Sauti ikaruka oktavu nzima kama mbuzi aliyekanyaga moto. Gitaa lilikuwa limepangwa kwamba kuvuta kwa ukamilifu ni toni moja, na sinthesaiza ilikuwa imepangwa kwamba kuvuta kwa ukamilifu ni oktavu, kila mmoja msema kweli kwa kamusi yake. Niliapa kwamba chombo ni kibovu. Mwenye nacho hakunibishia. Alibadilisha namba moja, kutoka 12 kuwa 2, akanirudishia.

Msomaji wa Unguja au Mombasa huenda amekwisha kujiuliza kama haya yana maslahi yoyote kwake. Naona yanayo, na ni katika jambo hilo hilo la kuvuta. Tangu enzi za vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa Zanzibar mwaka 1905, taarabu imekuwa muziki wa fidla na udi, ala ambazo kidole hutelezea noti badala ya kuirukia, na ambazo maqamu yake yana sauti zilizojificha kati ya kitufe na kitufe cha kinanda. Taarabu ya kisasa ilipokabidhi kazi ya fidla kwa kinanda ilipata fidla nyingi kwa fedha kidogo, ikapoteza mtelezo. Mpiga gitaa mwenye msikilizaji aliyepangwa vizuri anaweza kuipa fidla ya mashine mtelezo huo kwa kidole chake, bila ya kuchezea gurudumu la pembeni kama mpiga kinanda afanyavyo. Sharti ahakikishe tu kwamba chombo hakikuachwa katika hali ile inayozisawazisha noti zote kwa nusu toni, ambayo wasikilizaji wengi wanayo kwa ajili ya sauti za piano. Mtazamaji mwenye vitufe shingoni hatamfaa. Huyo hupanda ngazi, hatelezi.

Ukienda kujaribu, usikubali kupewa kiti karibu na mlango na dakika tano. Usianze na ule mtiririko wa kasi kwenye nyuzi nyembamba ambao vijana huupenda, maana hapo hata mkalimani dhaifu hufuzu. Mwambie muuzaji akuwekee sauti ya piano, kwa sababu piano huanza ghafla na haisitiri kuchelewa. Sauti za fidla zinazovimba polepole husitiri kila dhambi, nazo ndizo wauzaji wanazopenda kuonyeshea. Piga uzi mnene peke yake, mtupu, kwa mapigo ya saa. Halafu piga nyuzi sita pamoja na usikilize nani amefika mwisho. Halafu piga kwa wororo mno, kisha telezesha kidole shingoni bila ya kupiga chochote, na uone kama mashine itanyamaza. Ukitaka kupiga besi kwa chombo hiki, jaribu hila ya wakongwe: piga katika nyuzi nyembamba, na iambie sinthesaiza ishushe oktavu mbili. Besi itatoka nzito kama ngoma, nayo itatoka kwa wakati, kwa kuwa mkalimani amesikiliza uzi mwepesi.

Gitaa langu, ambalo ni la kawaida na limebandikwa pikapu ya sehemu sita tangu miaka mingi, limepangwa hivyo. Nyuzi nne nyembamba huongoza sinthesaiza, mara fidla, mara besi ya kushushwa, mara sauti isiyo na jina. Mbili nene nimezizima huko kwenye mashine, na huachwa ziseme kwa pikapu ya kawaida na spika ya kawaida. Zikipigwa, husikika papo hapo, nazo ni gitaa.